Dawa Ziko Mjini, Mgonjwa Yuko Kijijini

Toleo hili tunajibu wasomaji wanaoishi mbali na mji na wanaomeza au kujidunga dawa kila siku. Karibu wote wanauliza jambo linalofanana: kuagiza dawa famasi ya mjini kwa simu au mtandaoni, kisha kuipokea kijijini. Majina ya dawa tumeyaandika kama yalivyo kwenye boksi ili uweze kulinganisha.

SWALI: Mama yangu ana miaka 63, ana presha na kisukari. Kijijini kwetu lipo duka la dawa muhimu moja, na dawa zake mara nyingi hazipo. Naona famasi za Mwanza na Dar es Salaam zinatangaza kutuma dawa popote. Nitajuaje iliyo halali, na niagizeje? — Msomaji, Sengerema

Kabla hujauliza bei, uliza mambo matatu: famasi inaitwaje kwenye kibali chake, iko mtaa gani, na mfamasia msimamizi ni nani. Tanzania kila famasi inatakiwa iwe na kibali cha Baraza la Famasi na mfamasia anayeisimamia, hata kama inauza kwa simu. Kibali hukaa ukutani wateja wakione, kwa hiyo kukipiga picha na kukutumia ni kazi ya dakika moja. Anayekujibu "wewe tuma hela, mzigo utaupata," achana naye. Wasomaji wa Kenya, leseni ya kuuliza ni ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Ukifika kwenye malipo, tumia Lipa Namba ya biashara. Simu itakuonyesha jina la anayelipwa kabla hujaweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu binafsi wakati famasi ilijitambulisha kwa jina jingine, simamisha malipo kwanza upige simu.

Sasa cheti cha daktari. Famasi inayokubali kukuuzia losartan ya presha au metformin ya kisukari bila kuuliza cheti wala umri wa mgonjwa imeruka ukaguzi ambao ndio kazi yenyewe ya mfamasia. Weka cheti mezani penye mwanga wa mchana, upige picha pembe zote nne zionekane, pamoja na tarehe, jina la kituo na saini ya aliyeandika. Chini ya picha andika umri na uzito wa mama, dawa inayomdhuru kama ipo, kama amewahi kuambiwa figo zina tatizo, na dawa nyingine zote anazotumia. Hapo kwenye "nyingine zote" ndipo watu wengi hukosea. Mama akinunua diclofenac au ibuprofen dukani kwa ajili ya magoti, hazitaji, kwa kuwa anaziona ni za maumivu tu. Lakini dawa hizo hupandisha presha, na zikikutana na losartan au enalapril pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinaweza kuumia. Figo zikidhoofu, hata kipimo cha metformin lazima kiangaliwe upya.

Ongeza na vipimo vya karibuni vya presha na sukari, kila kimoja na tarehe yake. Presha ipimwe mgonjwa akiwa ameketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu iko chini na mkono umewekwa usawa wa moyo. Pima mara mbili, uache dakika moja katikati, uandike zote mbili.

Usilipe kabla hujapata orodha iliyoandikwa: jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, idadi ya vidonge, mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, bei na nauli. Tarehe hiyo iwe mbele ya siku mama atakayomeza kidonge cha mwisho. Dawa ya miezi 3 inayoisha muda baada ya miezi 2 ni hasara hata ikiuzwa nusu bei.

Mzigo ukifika, ufungue kwa wakala kabla hujaondoka. Namba ya toleo (Batch No.) iliyo kwenye boksi ifanane na iliyo kwenye karatasi ya vidonge ndani. Hesabu. Vidonge vilivyopukuchuliwa na kutiwa kwenye bahasha isiyo na maandishi usivipokee, maana havina toleo, tarehe wala mtengenezaji, na ikitokea shida hakuna pa kuanzia kufuatilia. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) ina orodha ya dawa zilizosajiliwa kwenye tovuti yake, na hupokea taarifa za dawa zenye mashaka. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni duni au bandia. Ndiyo maana tunasisitiza kuhesabu na kusoma.

SWALI: Mimi natumia amlodipine ya presha. Mwezi uliopita vidonge vilikuwa vyeupe vya duara, safari hii vimekuja vya umbo la yai na boksi jingine kabisa. Nimeogopa kuvimeza. — Msomaji, Kilifi

Umefanya vizuri kusita. Acha jina kubwa la kibiashara, usome yale maandishi madogo yaliyo chini yake. Yakisema amlodipine 5 mg na cheti chako kinasema amlodipine 5 mg, ni dawa ileile kutoka kiwanda kingine, mradi imesajiliwa. Rangi na umbo ni uamuzi wa kiwanda.

Matatizo hutokea kwingine. La kwanza ni mgonjwa kumeza za boksi la zamani na za boksi jipya pamoja, akidhani ameongezewa dawa. La pili, zinakuja za 10 mg badala ya 5, miguu inavimba, kichwa kinauma, kizunguzungu kinaanza, na mgonjwa anaacha dawa bila kujua kosa lilikuwa kwenye namba. La tatu, famasi haina amlodipine, inatuma nifedipine kwa sababu "ni za kundi moja." Hiyo ni dawa nyingine. Kubadilisha ni kwa ruhusa ya aliyeandika cheti, tena kabla mzigo haujaondoka.

Angalia pia dawa zilizounganishwa. Boksi likisomeka losartan + hydrochlorothiazide, na nyumbani una hydrochlorothiazide (dawa ya kukojoza) peke yake, ukimeza zote utakuwa umeongeza kipimo. Na kidonge kilichoandikwa XR, SR au retard kimetengenezwa kitoe dawa polepole kwa saa nyingi, kwa hiyo usikivunje wala kukisaga, isipokuwa kama karatasi iliyo ndani ya boksi inaruhusu.

SWALI: Hamjambo wataalamu. Mtoto wetu ana miaka 11, anadungwa insulini. Tunaagiza kutoka Kitale, inakuja kwa basi hadi Lodwar, halafu bodaboda mpaka nyumbani. Inafika ikiwa vuguvugu. Je, bado inafaa? Na sisi hatuna friji. — Mzazi, Turkana

Hatujambo, mzazi mwenzetu. Swali lako tutalijibu kwa kirefu, kwa sababu hapa kosa dogo linamlaza mtoto hospitali.

Insulini huharibiwa na joto kali, na huharibiwa na kuganda. Iliyoganda haitengenezeki tena hata ikiyeyuka na kuonekana safi, itupwe. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 mpaka tarehe yake ya mwisho. Ikishaanza kutumika, aina nyingi hukaa nje ya friji kwa wiki 4 hivi, kwa joto lisilozidi nyuzi 25 au 30 kama karatasi yake inavyoelekeza. Vuguvugu la saa chache njiani haliiui. Kinachoiua ni buti la basi lililokaa juani tangu asubuhi, au sanduku jeusi la bodaboda saa saba mchana.

Kwa hiyo waelekeze wanaofungasha. Wagandishe maji kwenye chupa ndogo, kisha wayaache nje mpaka barafu ianze kutoa jasho na ukitikisa chupa usikie maji yanacheza ndani. Barafu iliyotoka friza moja kwa moja ni baridi mno na inaweza kugandisha insulini. Chupa hizo zizungushiwe taulo au magazeti. Insulini ibaki kwenye boksi lake, ndani ya mfuko wa plastiki, isigusane na barafu. Vyote viingie kwenye kasha la kuhifadhi ubaridi, au chupa ya chai yenye mdomo mpana. Mzigo usafiri kwa basi la usiku, akae nao kondakta ndani, mbali na injini. Wautume Jumatatu au Jumanne, usije ukalala ofisini mwishoni mwa wiki. Mwenye bodaboda aujue muda wa basi, awe anangoja.

Ukiupokea, tazama kwenye mwanga. Insulini ya aina angavu inatakiwa iwe kama maji, na ikiwa na ukungu, chembe au rangi usiitumie. Ile ya maziwa izungushe taratibu kati ya viganja mara 10. Inatakiwa ichanganyike sawasawa, na ikibaki na mabonge au utando kama baridi kwenye kioo, imeharibika.

Sasa sikiliza hili. Insulini iliyopigwa na joto inaweza kuonekana nzima kabisa. Sukari ya mtoto ikipanda siku 2 au 3 mfululizo bila chakula wala kipimo kubadilika, na si mgonjwa, shuku chupa. Fungua nyingine na uwasiliane na kliniki. Usiongeze yuniti kufidia, kwa sababu ukifungua chupa nzima huku unaendelea na kipimo kilekile kikubwa, sukari itashuka ghafla. Kama hakuna chupa nyingine, endelea na iliyopo wakati unatafuta, maana dhaifu ni afadhali kuliko kukosa. Akianza kutapika, kuhema kwa nguvu, kulegea, au pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva sana, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Kuhusu friji, kwenu kuna kitu kizuri: hewa kavu. Chukua vyungu viwili vya udongo, kimoja kiingie ndani ya kingine, ujaze mchanga katikati na uumwagie maji asubuhi na jioni. Funika kwa kitambaa kilicholowa, uviweke kivulini penye upepo. Insulini ikae kwenye kopo lililofungwa vizuri isilowe. Maji yanapokauka huchukua joto, na ndani hupoa nyuzi kadhaa. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, vyungu hivi husaidia kidogo tu.

Upo utafiti unaowahusu watu wa mazingira kama yenu. Mwaka 2021 Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya vipimo vya joto kutoka kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab. Joto la majumbani lilipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, na insulini zilizopimwa kwa hali hiyohiyo zilibaki na nguvu kwa wiki 4. Wiki 4 hizo zisikufanye uweke akiba ya miezi mitatu ndani ya chungu. Nyumbani weka chupa inayotumika, labda na moja inayofuata. Nyingine omba zitunzwe kwenye friji ya dawa ya kituo cha afya kilicho karibu, zikiwa na jina la mtoto.

Hesabu ya kuagiza ni hii. Chupa ya 10 ml yenye nguvu 100 (U-100, yaani yuniti 100 kwa kila ml) ina yuniti 1,000. Mtoto akitumia yuniti 24 kwa siku, zingetosha siku 41, lakini chupa inatupwa siku ya 28. Kwa hiyo kwake chupa moja ni siku 28, na chupa 3 ni siku 84. Anayetumia yuniti 50 kwa siku atamaliza chupa baada ya siku 20, naye ahesabu kwa yuniti. Mabomba ya sindano yaandikwe U-100, sawa na insulini. Bomba la U-40 likitumika kwa insulini ya 100, mtoto atapata mara mbili na nusu ya kipimo chake.

SWALI: Kila masika dawa zangu zinaisha kabla nyingine hazijafika, barabara zinakatika. Nifanyeje? — Msomaji, Kilombero

Acha kuhesabu miezi, hesabu vidonge. Boksi nyingi zina vidonge 28, na mgonjwa anayesema "nina dawa ya mwezi" anabaki na siku 2 au 3 tupu. Baada ya miezi sita amekosa dawa karibu wiki mbili bila kutambua.

Tafuta safari ya mzigo iliyowahi kuchelewa kuliko zote. Tuseme ilikuwa siku 9. Ongeza 7 za tahadhari, inakuwa 16. Kama unameza metformin vidonge 4 kwa siku, zidisha 16 kwa 4: ukibaki na vidonge 64, siku hiyo agiza. Namba hiyo iandike juu ya kopo. Februari, kabla mvua hazijashika, mwombe daktari aandike cheti cha miezi 2 au 3, mradi presha au sukari yako imetulia.

Dawa zikielekea kuisha na njia imefungwa, usizigawe nusunusu. Nenda zahanati na boksi tupu uombe hata za siku tano. Anayetumia dawa za moyo na presha kama atenolol, bisoprolol au propranolol awahi zaidi, kwa sababu kuzikata ghafla kunaweza kuurusha moyo na presha. Mzigo ukifika, endelea na kipimo chako cha kawaida, usimeze mara mbili kufidia siku zilizopita.

SWALI: Kuna dawa ya asili inatangazwa kwenye simu kwamba inamaliza kisukari kwa siku 30, unaambiwa uache vidonge. Baba ameshatuma hela. — Msomaji, Singida

Mzee asiache vidonge, na hiyo asiinywe. Katika nchi mbalimbali, "dawa za asili" za kushusha sukari zimekutwa zimechanganywa na glibenclamide kwa siri. Mgonjwa anaona sukari imeshuka, anaamini amepona, wakati anameza kidonge cha hospitali bila kipimo. Akichanganya na dawa zake, sukari inaweza kushuka mno: jasho la baridi, kutetemeka, njaa kali, maneno kuchanganyika. Hilo likitokea, pimeni. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, au kama hamna kipima sukari, mpeni vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Baada ya dakika 15 pimeni tena, na ikiwa bado iko chini rudieni. Akishazimia msimmiminie kitu mdomoni, mlazeni ubavu na kumkimbiza hospitali.

Ni kweli wapo wenye kisukari cha ukubwani waliopungua uzito na daktari akawapunguzia dawa, hata kuwaachisha. Hilo hufanyika kwa kupima, hatua kwa hatua. Tiba asili nayo ina mamlaka yake, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa. Muuzaji asiye na usajili huo, na anayekuambia uache dawa za hospitali, hana la kukusaidia. Hifadhini ujumbe na risiti ya malipo mkatoe taarifa.

SWALI: Je, dawa za kifafa na za sikoseli naweza kuagiza hivyohivyo? — Msomaji, Kahama

Si kwa urahisi huo. Phenobarbital iko chini ya udhibiti maalumu, na anayekutumia kwa basi bila cheti anavunja sheria. Dawa yoyote ya kifafa ikikatika ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Sodium valproate inaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mwanamke wa umri wa kuzaa azungumze na daktari kabla ya kila kitu. Hydroxyurea ya sikoseli inahitaji kipimo cha picha nzima ya damu kwa ratiba, kwa sababu inaweza kushusha chembe za damu kupita kiasi. Famasi inayokutumia vidonge bila kuona majibu ya damu inakuhatarisha. Folic acid haina shida hiyo. Na dawa za kufubaza VVU hutolewa bure kliniki, usimlipe mtu.

SWALI: Mimi nina simu ya kitochi. Kijana wangu wa mjini ndiye anayeniagizia. Kuna ubaya? — Mzee, Newala

Shikamoo mzee. Hakuna ubaya, ila mfamasia azungumze na wewe mwenyewe kwa simu walau mara moja, na namba yako iandikwe kwenye mzigo karibu na ya kijana. Mwambie asiweke picha ya cheti chako kwenye kundi la familia, amtumie mfamasia peke yake. Kila mzigo ukifika, msomee kijana kwa simu jina la dawa, miligramu na tarehe. Kama macho yanasumbua, mhudumu wa afya wa kijiji akusomee.

SWALI: Nimenunua kipima sukari mtandaoni, vijiti vyake sivipati popote. — Msomaji, Mpwapwa

Ndivyo inavyotokea mtu akianza na kifaa. Kijiti cha kampuni moja hakifanyi kazi kwenye kipimo cha kampuni nyingine, na gharama kubwa ya miaka yote iko kwenye vijiti. Mwulize muuzaji kama anaweza kukubadilishia. Safari nyingine uliza kwanza ni vijiti gani famasi ya wilaya huwa navyo kila mwezi, ndipo ununue kipimo chake. Angalia kama kinahitaji kuwekewa namba ya kopo, maana namba isiyolingana hutoa majibu ya uongo. Kopo likifunguliwa, andika tarehe, kwa kuwa aina nyingi hudumu miezi 3 hadi 6 tu baada ya hapo, na ulifunge kila utoapo kijiti kwani unyevu huviharibu. Kabla ya kujidunga kidole, nawa kwa sabuni ukauke. Aliyetoka kumenya embe anaweza kuona 15 wakati sukari yake ni 7.